Jinsi nilivyofungua mlango wa torenti kupitia VPN

Kompyuta ndogo iliyo nyumbani kwangu Mombasa ina kazi moja tu, nayo ni kusambaza kwa torenti, yaani njia ya kompyuta nyingi kugawiana faili moja kwa moja, faili za Debian (mfumo huru wa kuendesha kompyuta) pamoja na zile za Kiwix, ambazo hubeba Wikipedia nzima, ya Kiswahili ikiwemo, ili isomwe mahali pasipo na intaneti. Faili hizi ni huru kusambazwa, na wanaozitengeneza ndio wanaotoa torenti zake. Hata hivyo, kwa muda mrefu programu yangu ya torenti, qBittorrent, ilikuwa ikipakua vizuri huku ikipakia kidogo mno, na alama iliyo chini ya dirisha lake ilinieleza kila siku kwamba hakuna miunganisho ya moja kwa moja.

Chanzo chake nilikiona nilipofungua ukurasa wa ruta. Anwani ya IP niliyopewa na mtoa huduma ilikuwa ndani ya safu inayoanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, ambayo mwaka 2012 ilitengwa mahsusi kwa ajili ya kampuni za intaneti zinazowapa wateja wengi anwani moja ya nje. Ni sawa na mtaa mzima kutumia sanduku moja la posta: barua unazotuma zitafika, lakini barua inayoingia bila wewe kuiomba haina wa kuipokea. Kufungua mlango, yaani namba ambayo programu hupokelea miunganisho, kwenye ruta ya nyumbani hakusaidii chochote katika hali hiyo, kwa sababu kizuizi kiko kwa mtoa huduma.

Katika torenti jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu aliyefungiwa anaweza kumfikia aliye wazi, lakini wawili waliofungiwa kwa kawaida hawafikiani, hata kama mmoja anayo faili yote na mwingine anaihitaji. Wengi wa wanaopakua katika eneo letu hutumia modemu za simu zilizofungiwa vivyo hivyo, kwa hiyo jirani yangu wa Likoni alikuwa na nafasi ndogo ya kuipata faili kutoka kwangu kuliko mtu wa Ujerumani mwenye anwani yake mwenyewe. Kununua anwani ya kudumu kulimaanisha kuhamia kifurushi cha biashara, nami sikuona sababu ya kulipa gharama hiyo.

Njia iliyobaki ilikuwa VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwa njia ya siri hadi kwenye seva yake, lakini iwe ile inayoruhusu uelekezaji wa milango, yaani inayokubali kupokea muunganisho katika anwani yake ya nje na kuupitisha ndani ya njia ya siri hadi kwenye kompyuta yako. Si zote zinazotoa huduma hiyo. Mullvad iliiondoa mwaka 2023 kwa sababu ilikuwa ikitumiwa vibaya na baadhi ya watu, na IVPN nayo ikaiacha. AirVPN humpa mteja namba ya mlango isiyobadilika, jambo ambalo hurahisisha kazi sana. Mimi nilichagua Proton VPN, ambayo hutoa huduma hiyo kwa wanaolipia tu na katika seva zilizotengwa kwa ajili ya torenti, na namba ya mlango hutolewa na seva yenyewe. Kwa msomaji wa Tanzania, ni vyema akumbuke kwamba mnamo Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, iliwataka wanaohitaji VPN kwa shughuli zao watoe taarifa kwake. Mambo hayo yanafaa kumalizwa kabla ya kugusa mipangilio yoyote.

Kuunganisha hakukuwa na ugumu. Katika ukurasa wa akaunti nilitengeneza faili ya mipangilio ya WireGuard (itifaki ya kuunganisha VPN), nikahakikisha kwamba chaguo la NAT-PMP limewashwa kabla ya kuipakua, nikaihifadhi kwa jina la wg0.conf, kisha nikaiwasha kwa amri ya wg-quick. NAT-PMP ni itifaki ndogo ambayo kompyuta huitumia kukiomba kifaa kilicho mbele yake kiifungulie mlango. Katika Debian programu ya kuomba huitwa natpmpc, na ombi langu lilikuwa hili:

natpmpc -a 1 0 tcp 60 -g 10.2.0.1

Anwani ya mwisho ni ya seva ya VPN ndani ya njia ya siri, na 60 ni idadi ya sekunde ambazo mlango utabaki wazi. Jibu linaporudi huwa na namba ya mlango wa nje, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa katika qBittorrent kama mlango wa kupokea miunganisho. Ombi hilo hurudiwa kwa udp, aina nyingine ya usafirishaji wa data kando ya tcp, kwa kuwa sehemu kubwa ya mazungumzo ya torenti za leo, pamoja na ule utafutaji wa washirika (kompyuta nyingine zinazogawiana faili hiyo) usiotegemea seva yoyote, hupita huko.

Ndani ya qBittorrent nilibadilisha mambo machache. Nilizima UPnP, njia ya programu kuiomba ruta ifungue mlango, kwa kuwa ruta ya nyumbani haina la kufanya hapa, na nikazima pia uchaguzi wa mlango wa kubahatisha. Lililo muhimu kuliko yote ni kuingia katika mipangilio ya ndani zaidi na kuifunga programu kwenye kiolesura cha wg0, yaani njia ya VPN, peke yake. Bila hatua hiyo, VPN ikikatika usiku, programu itaendelea na kazi kupitia mtandao wa kawaida, ikionyesha anwani yako halisi na huku mlango umefungwa; programu ikiwa imefungwa kwenye wg0, itasimama kimya hadi VPN irudi. Katika faiwoli ya kompyuta, yaani kichujio cha miunganisho yake, niliruhusu miunganisho inayoingia kupitia wg0 tu.

Kazi yenyewe hasa ilianzia hapo, na maelezo mengi niliyoyasoma yalipita juu juu mahali hapa. Mlango wa sekunde 60 ni wa kukodi. Usipouomba tena kabla ya muda kwisha, hufungwa, na VPN ikikatika na kuunganishwa upya, unaweza kupewa namba nyingine kabisa. Kwa hiyo kuandika namba kwa mkono kunafaa kwa majaribio, wala si kwa kompyuta inayotakiwa kufanya kazi wiki nzima bila kuangaliwa. Niliandika skripti fupi, yaani mfululizo wa amri zinazojiendesha, inayorudia maombi yote mawili kila baada ya sekunde 45, inayosoma namba iliyo katika jibu, na inayoilinganisha na ya awali. Namba ikiwa imebadilika, skripti huipeleka kwa qBittorrent kupitia anwani yake ya kupokea maagizo, /api/v2/app/setPreferences, ikibadilisha listen_port (namba ya mlango wa kupokea) peke yake, na programu huhamia mlango mpya bila kuzimwa. Skripti yenyewe niliiweka chini ya systemd, msimamizi wa huduma za kompyuta, ianze baada ya WireGuard na iwashwe tena endapo itaanguka.

Ili njia hiyo ifanye kazi, ukurasa wa kuiongoza qBittorrent kupitia kivinjari lazima uwe umewashwa. Niliuweka katika 127.0.0.1 tu, anwani inayofikika ndani ya kompyuta yenyewe, na nikaruhusu maombi yanayotoka ndani ya kompyuta hiyo hiyo yasidaiwe nywila. Kuuacha ukurasa huo ukisikiliza kila mahali, hasa kwenye kompyuta ambayo ndiyo kwanza umeitafutia mlango wa nje, ni uzembe ambao sioni namna ya kuutetea.

Kupima ni rahisi mradi programu iwe inafanya kazi, kwa sababu mlango ambao hakuna anayesikiliza nyuma yake huonekana umefungwa hata kama VPN imeufungua. Nilitumia tovuti ya kukagua milango kupitia simu, nikiandika anwani ya nje ya VPN pamoja na namba niliyopewa. Alama ya chini ya dirisha ilibadilika muda si mrefu baadaye, na orodha ya washirika ikaanza kuonyesha watu walioanzisha muunganisho wao wenyewe.

Mambo mawili yalibaki. Upakiaji sasa ulikuwa mkubwa kiasi cha kuvuruga simu za video za wenzangu nyumbani, kwa hiyo niliweka kikomo cha mchana na kukiondoa usiku, kwa ratiba iliyomo ndani ya qBittorrent. La pili ni kwamba namba inapobadilika, seva zinazoratibu washirika huendelea kutangaza ile ya zamani hadi zijulishwe tena; kuna chaguo la kuzijulisha zote mara tu anwani au mlango unapobadilika, nami nimeliwasha.