Usiku wa kukesha na moto

Ngamiani, Tanga, mwanamume anayeshinda ndani Jumamosi hukisiwa mambo mawili: ama mgonjwa, ama anamchunga mkewe. Mimi sikuwa na la kwanza wala la pili. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, kelele za wiki nzima zinanitosha, na raha yangu ilikuwa uani kwangu: birika la chai ya tangawizi, daftari za kusahihisha, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu naipaka mnyororo grisi, redio inajisemea pembeni mpaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Sikuhitaji kingine.

Nimezaliwa Lushoto. Kule ukungu ukishuka jioni watu wanaingia ndani, wanafunga milango, wanakaa na moto wao, na hakuna anayekuuliza kulikoni. Pwani joto lenyewe linakutoa nje. Isitoshe, nyumba mchana ni ya wanawake. Wanaume wana mabaraza yao, kahawa na kashata, drafti la visoda, na maneno yasiyokwisha.

Mke wangu ni mzaliwa wa palepale mtaani, na ukaaji wangu wa nyumbani ulimuumiza kichwa. Wenzake wakija kusukana uani wananikuta nimejaa tele na kalamu yangu nyekundu, basi wanakaa nusu saa, wanaaga. Hilo alilivumilia. Lililomkera ni jina.

"Wanasema unaringa," aliniambia siku moja akichambua mchele.

"Simringii mtu mimi."

"Najua, mume wangu. Lakini wao hawalali humu wakajua."

Barazani nilishawahi kwenda, isidhaniwe sikujaribu. Niliwakuta wazee wanabishana kuhusu Coastal Union na African Sports, kama walivyobishana jana yake na juzi yake. Ubingwa wa Coastal wa 1988 ulisimuliwa bao kwa bao, na kila msimulizi alikuwepo uwanjani, hata yule ambaye kwa hesabu zangu wakati huo alikuwa chekechea. Watu wazuri, wacheshi. Ila mimi kila nikitaka kuchangia, mada ilikuwa imeshahama, nikabaki na kikombe cha kahawa kimepoa mkononi nikitabasamu kama mtu anayepigwa picha. Nikirudi nyumbani nahisi nimefundisha vipindi kumi.

Mwaka 2011, ule mwaka wa mgao mkali wa umeme, alifariki mzee mmoja fundi baiskeli, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tukamzika siku hiyohiyo baada ya swala. Mazishi hayajawahi kunipa tabu. Kwenye mazishi kila mtu ana pa kuweka mkono: unapokezana jeneza, unapiga hatua chache, mwenzio anakupokea, makaburini unatupia udongo wako, unaitikia dua, unarudi. Tabu yangu ni matanga. Turubai limefungwa barabarani, mikeka imetandikwa, wanaume wamekaa tangu asubuhi mpaka usiku wa manane, na wewe kazi yako ni kuonekana. Usipoonekana, siku yako ikifika watu nao watakumbuka wana shughuli nyingine. Hakuna anayelisema hili waziwazi, na hakuna asiyelijua.

Jumamosi jioni nilikwenda na nia ya kukaa mpaka isha, kisha nijiondoe taratibu. Hitma ilikuwa kesho yake mchana, na ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Kwa kawaida nyama ya shughuli kama ile ingegawanywa kwenye majokofu ya majirani, kila nyumba na ndoo yake, asubuhi ikakusanywa. Lakini umeme ulikatika tangu saa tatu asubuhi, na usiku ule haukutarajiwa. Mpishi akaja akasimama mbele ya wazee, kikoi kiunoni, akasema nyama yote ichemshwe usiku uleule.

"Ikilala mbichi na joto hili," akasema, "keshokutwa tunachimba tena."

Wazee wakacheka kwa kujiziba midomo, maana msibani hawacheki kwa sauti. Vijana wakaikata nyama kwenye majani ya mgomba, karabai moja inawamulikia. Masufuria mawili makubwa yakapandishwa kwenye mafiga nyuma ya nyumba, moto ukawashwa kwa vifuu na makumbi ya nazi, na kuni za mwembe zikafuata. Ilipofika saa nne vijana walikuwa hoi, wamekesha usiku uliotangulia. Mzee mmoja akauliza nani atabaki na mpishi.

"Mimi nabaki," nikasema.

Kuna aliyeguna gizani, "Mwalimu? Saa tano utamkuta kitandani."

Ningependa kusema ulinisukuma wema. Ukweli ni kwamba kati ya kukaa turubaini nikitafuta la kusema na kukaa nyuma ya nyumba na mtu mmoja na moto, niliona afadhali moto.

Mpishi alikuwa Mdigo wa makamo, mkavu, macho mekundu kwa moshi wa miaka. Hakuniuliza natoka wapi wala nafundisha nini. Alinisukumia gunia la vitunguu na kisu chembamba kilichokwisha kwa kunolewa, akarudi kwenye masufuria yake. Tulikaa hivyo muda mrefu. Yeye anaengua povu la nyama kwa upawa, analimwaga pembeni, paka wanagombana. Mimi namenya, machozi yananitiririka, na pale msibani hakuna ambaye angeniuliza nalia nini. Moto ulipozidi nikanyanyua kopo la maji. Akanishika mkono.

"Moto haupunguzwi kwa maji. Vuta ukuni."

Akauvuta mmoja, kidogo tu, kama shubiri. Mchemko ukatulia. Basi nikawa mtu wa kuni: nasukuma, navuta, nasikiliza sufuria. Ukizoea, sauti inakwambia yenyewe. Nyama ikichemka sawasawa inanong'ona. Ikianza kugonga mfuniko, umechelewa.

Nadhani ilikuwa saa nane za usiku alipokuja mtoto mkubwa wa marehemu. Ndani hakulaliki, mbu na joto, na nadhani alikuwa amechoka kupewa pole. Akavuta kinu kilicholazwa chini, akakikalia, akaokota kisu, akaanza kumenya viazi bila kuombwa. Hatukumwambia kitu. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie Tanga nilikuwa nimekaa na wanaume wenzangu na ukimya wangu haukuwa kasoro. Viazi vikajaa karai moja, akasogeza jingine.

Kisha akasema, bila kuinua uso, "Mwalimu, baiskeli yako ile, marehemu ilikuwa ikimkera."

"Imefanya nini?"

"Peda ya kushoto inalia. Kila asubuhi ukipita anasema, haya, mwalimu huyo, saa kumi na mbili na nusu. Anamwambia mama aweke chai. Alikuwa akikungoja uipeleke akutie gololi mpya, bure. Wewe hupeleki, unajipakia grisi mwenyewe uani."

Mpishi akacheka, mara yake ya kwanza usiku ule. Mtoto naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akafunika uso kwa mkono wenye maganda ya viazi. Tukamwacha. Mpishi akavuta ukuni, mimi nikaendelea na vitunguu.

Alfajiri vijana wakarudi, ikawa zamu ya pilau lenyewe. Sitaisimulia yote. Vitunguu vyangu vilikaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawa, na mpishi alikuwa mkali hapo kuliko popote, kwa sababu rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu, na anayeharakisha anaishia na wali mweupe wenye viungo. Kikaingia kitunguu thaumu na tangawizi, bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga. Nyama na viazi, supu ya usiku kucha, mwisho mchele. Maji yalipokaribia kukauka tukaondoa kuni zote chini, tukayapalia makaa juu ya mifuniko. Baada ya dua watu wakakaa kwenye masinia, nami nikawa mbebaji, nikienda na kurudi mgongo umenikakamaa. Yule aliyeguna usiku alinipisha njia, akanishikia sinia moja. Hakusema kitu, na mimi sikumkumbusha.

Niliporudi nyumbani mke wangu alinusa shati langu, akanielekeza bafuni. Nilipoamka ilikuwa jioni, na jirani zake watatu wako uani wanasukana. Hawakuaga. Mmoja aliniuliza kama kweli nilimenya gunia zima.

Wiki ile nilimfuata mjumbe wa nyumba kumi, nikamwambia wazi: msiba wowote wa mtaa nitakuwepo, mnipe moto au mnipe vitunguu, nitakesha, barazani msinitarajie, na si kwa ubaya. Alifikiri kidogo. "Ungesema mapema," akanijibu, "sisi watu wa kukesha na kuni tunawatafuta kwa tochi." Na ndivyo ilivyokuwa miaka yote niliyoishi pale. Hodi ilipigwa mlangoni kwangu usiku, naambiwa nani katutoka, navaa shati kuukuu lenye matundu ya cheche. Jumamosi nyingine zote nilibaki uani kwangu. Kuna watu hutushauri sisi wa aina yangu tujichanganye, na wanachomaanisha ni tuongee zaidi. Mtaa wangu haukuwa na uhaba wa waongeaji.

Peda niliipeleka. Mtoto wa marehemu ndiye aliyerithi banda la ufundi, akaitia gololi mpya, na akakataa fedha.

Harusi za ukumbini bado zimenishinda. Muziki unapigwa mpaka kifua kinatetemeka, mshereheshaji anawataka watu wasimame wacheze, na huko jikoni kuna wapishi wa kukodi wasiotaka msaada. Kwa hiyo natoa mchango mapema, kabla mweka hazina hajaanza kunipigia simu, na mke wangu anakwenda na dada yake. Wanarudi saa nane usiku na habari za kutosha wiki nzima, nami nakuwa nimeshalala.