Siku moja maishani mwangu: mtunza panya wa maabara, siku ya sindano

Nikisema ninahudumia wanyama wa maabara, swali linalofuata huwa lilelile: "Yaani unafuga panya?" Ndiyo, nafuga panya. Leo nawasimulia siku ya sindano, siku ambayo wiki 6 za kulisha zinapimwa kwa saa chache: tunataka kujua kama mafuta ya samaki yanapunguza uvimbe.

Saa 11 alfajiri niko kituoni Mbagala. Saa 12:15 nimeshavaa gambuti, koti, barakoa na glavu, na kitu cha kwanza kutazama ni kipimajoto cha ukutani: nyuzi 23. Hapo moyo unatulia.

Kisha chakula. Nina panya weupe 24, makundi matatu ya wanane wanane. Kundi la kwanza chakula chao kina mafuta ya samaki. La pili lina mafuta ya alizeti kwa kipimo kilekile. La tatu wanakula alizeti pia, ila leo wanapewa indomethasini, dawa inayojulikana kupunguza uvimbe, tupate cha kulinganishia. Kila asubuhi natoa masalia, nayapima, nayatupa, naweka chakula kipya kutoka kwenye friza. Chakula chenye mafuta ya samaki hakilali nje siku mbili, maana hewa inakiharibu upesi mno. Panya anakinusa, anakula kidogo, anakonda.

Hapa ndipo wengi hawanielewi. Mnyama aliyekula pungufu kwa wiki kadhaa huvimba pungufu. Mlishaji akizembea, kundi la samaki litavimba kidogo kwa sababu ya njaa, halafu mtaalamu ataandika kwamba mafuta yamefanya kazi. Mizani yangu ya asubuhi ndiyo inayozuia uongo huo.

Saa 3 kamili tunaanza. Kila panya ana dakika 2: kupimwa mguu, kisha kudungwa kwenye unyayo 0.1 ml ya karaginani, mchanganyiko wa asilimia 1. Jaribio hili lipo tangu 1962. Karaginani hutoka kwenye mwani, zao ambalo mama yangu analifunga kwenye kamba kule Paje tangu kilimo chake kilipoanza Zanzibar mwaka 1989. Kwenye aiskrimu, inakotiwa ili iwe nzito, haina neno, lakini ikiingia chini ya ngozi mguu unavimba kwa saa kadhaa.

Namfunika panya kichwa kwa kitambaa ili atulie, namtoa mguu, nauzamisha kwenye bomba la maji hadi mstari wa wino niliouchora kifundoni. Maji yanapanda, na namba inatokea upande wa pili wa pazia, ambako mwenzangu anasoma na kuandika. Mimi siruhusiwi kuiona. Maranda ya kundi la samaki yananuka dagaa hata ukiyabadilisha jana, kwa hiyo najua fika nani kala nini, na anayejua hapaswi kusoma.

Panya 24 kwa dakika 2 ni dakika 48. Zinabaki 12 za kupumua, kisha mzunguko mwingine, kila saa, hadi saa 8 mchana.

Dakika 12 za saa 5 na dakika 48 zilichukuliwa na kijana wa pikipiki. Alikuwa ameleta mafuta ya samaki lita 5 kwa ajili ya panya wanaoanza Jumatatu. Tuliagiza yaje kwenye chupa nyeusi zilizozibwa, yakiwa baridi, yameongezwa vitamini E, na cheti cha kipimo mkononi. Alinishusha dumu jeupe, kifuniko kimelegea. Nikaligusa, lilikuwa na joto la jua. Cheti hakuna.

"Mama, saini tu hapa. Mafuta ni mafuta."

"Kaka yangu, kosa si lako, lakini sisaini."

Akampigia bosi wake, akanipa simu. Bosi akasema wateja wake wa chakula cha kuku hawajawahi kulalamika, na kwamba nampotezea kijana siku. Nikamwomba kijana afungue. Mafuta mazuri ya samaki yana harufu ya bahari. Haya yalinuka rangi iliyosahaulika kwenye kopo. Zilibaki dakika 3. Nikarudi ndani mbio, nikabadilisha glavu, nikamshika panya wa kwanza wa mzunguko wa saa 6 huku mikono ikinitetemeka kwa hasira.

Bosi hakukata tamaa, alimpigia mkuu wa maabara. Daktari akaja mlangoni kuniuliza kama hatuwezi kuyapokea tu, ratiba isivurugike. Nikamjibu nikiwa nimeshika panya: "Daktari, nenda kayanuse kwanza." Alikwenda. Dumu likarudi lilikotoka.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri saa. Nakumbuka miguu: myekundu, inang'aa, ina joto hadi naihisi kupitia glavu. Kwenye tando za seli kuna asidi ya arakidoni, aina ya mafuta, na mwili ukiumia huigeuza kuwa prostaglandini, kemikali zinazoleta wekundu, uvimbe na maumivu. Bergström, Samuelsson na Vane walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982 kwa kazi yao juu ya prostaglandini. EPA na DHA, mafuta ya omega-3 yaliyomo kwenye mafuta ya samaki, huchukua sehemu ya nafasi ya arakidoni kwenye tando hizo, na prostaglandini kali zinapungua. Ndiyo maana tunalisha wiki 6. Tando za seli hazibadiliki kwa kijiko kimoja.

Mgongo ulikuwa unawaka. Namba 17, ambaye huja mwenyewe kunusa kidole changu kizimba kikifunguliwa, leo alijikunyata pembeni, ameunyanyua mguu. Niliona.

Baada ya kipimo cha mwisho wanyama huuawa kwa dawa ya usingizi, kama kamati ya maadili ilivyoidhinisha, ili damu na tishu zichukuliwe. Mimi ndiye ninayewashika. Sikubali kazi hiyo afanye mtu wasiyemzoea.

Kuosha vizimba 24 kulinifikisha jioni. Daktari alinitumia ujumbe nikiwa njiani: mafuta mengine yanakuja Jumamosi saa 2 asubuhi kutoka kwa muuzaji mwingine. Nimeshagandisha barafu. Nitayapokelea getini mwenyewe.