Miche ya ukingoni Karura: kazi iko baada ya kupanda

Msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, una zaidi ya hekta 1,000 na ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Wageni wengi hushuka mtoni kuona maporomoko na mapango, na ukingo ndipo mahali panapoumia upesi.

Udongo ni mwekundu wa mfinyanzi, na ukinyeshewa unateleza kama sabuni. Vaa viatu vyenye meno. Ukikuta dimbwi njiani, lipite katikati. Kila anayelikwepa hukanyaga majani ya pembeni, njia inapanuka, na mvua ijayo hubeba udongo ulio wazi hadi mtoni. Mwenye baiskeli asifunge breki ghafla mteremkoni: mfereji wa tairi ndio mwanzo wa korongo. Kuoga mtoni sahau, maji hayo yamepita kwenye makazi ya watu kabla ya kufika msituni.

Kuhusu kupanda, jiunge na siku za kujitolea. Usifike na miche yako mfukoni, kwa sababu spishi ngeni huingia hivyo hivyo. Karibu na maji panafaa mkuyu na mzambarau mwitu, maana mizizi yake hushika ukingo. Muhugu, ule mti mgumu wa wachonga vinyago, hupenda ardhi isiyotuamisha maji, basi upande juu mteremkoni na uwe na subira, unakua polepole mno. Mkaratusi usiupande kabisa pembeni mwa mto. Ni mnywaji mkubwa.

Kwanza ondoa lantana, kile kichaka kigeni kinachovamia msitu. Juu ya mteremko ing'oe na kisiki chake, kwani ukikata tu itachipua tena. Fanya hivyo kabla matunda hayajaiva, ndege wasije wakasambaza mbegu. Lakini kwenye mita mbili za mwisho kabla ya maji, usichimbe: kata usawa wa ardhi na urudi kukata machipukizi, la sivyo mto utachukua udongo uliolegezwa.

Subiri mvua ilowanishe udongo kina cha shibiri moja hivi. Chimba shimo la sentimita 45 kila upande, udongo wa juu ukae peke yake, kisha uurudishe kwanza, chini kabisa. Kiriba, yaani mfuko uliooteshewa mche, kichanwe na kuondolewa chote. Mizizi iliyojizungusha ndani yake huendelea kujizungusha hata miaka, na mti huja kuanguka. Shingo ya mche iwe sawa na ardhi. Mwachano wa mita 3 unatosha. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina, lisije likaoza.

Halafu inakuja sehemu isiyopigwa picha. Palilia duara la nusu mita kuzunguka kila mche, si mara moja, bali kila magugu yanapoufikia kimo, kwa misimu miwili au mitatu. Kujiandaa kwa kiangazi cha Januari na Februari, ongeza matandazo mwishoni mwa Desemba, udongo ukiwa bado na unyevu. Na chomeka fito ndefu kando ya kila mche siku ile ile ya kupanda: miche haifi kwa kiu tu, mingine hufyekwa na panga la anayekuja kuipalilia.