Sketi Chini ya Sindano

Baba alifariki mwaka 1994, Shinyanga, nikiwa na miaka tisa. Tulipomaliza matanga, ndugu zake hawakuondoka. Walianza kutoa vitu nje: baiskeli, redio, meza. Baba mdogo alisema mali ya kaka yao haiwezi kukaa kwa mwanamke ambaye kesho ataolewa kwingine. Shangazi alifungua sanduku la bati akahesabu mashuka kwa sauti, kisha akaja akatandua na la kitandani kwangu.

Cherehani waliiacha mwisho. Ilikuwa ya mama, kainunua mwenyewe kwa pesa za kushonea watu. Sketi yangu ya shule ilikuwa bado imebanwa chini ya sindano, upindo umefika nusu. Baba mdogo alinyanyua mashine, sketi ikawa inaning'inia.

"Shemeji," mama akasema, "niachie basi hiyo nguo ya mtoto."

Baba mdogo aliivuta bila kunyanyua mguu wa cherehani. Ikachanika. Akamtupia.

Mama alikwenda kushtaki, akaambiwa ndiyo mila. Na kweli imeandikwa: kanuni za sheria ya kimila za mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, atatunzwa na watoto wake. Yaani nimtunze mimi, niliyekuwa darasa la tatu! Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa haki wajane wawili wa Tanzania waliopinga kanuni hizo, ikaitaka serikali izibadilishe. Niliisoma habari hiyo ofisini, Dar es Salaam, mikono ikitetemeka.

Wakati huo nilikuwa nimeshazama. Mshahara ukiingia, napitia Kariakoo: mashuka, seti za sufuria, vikombe, mapazia. Usiku naagiza kwa simu, asubuhi bodaboda yuko getini. Vingi sikuvitoa hata kwenye nailoni. Fedha zikiisha nakopa kwa simu, zikigoma nakwenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kuumiza. Wenzangu waliona ni anasa. Laiti wangejua! Nilichokuwa nakitafuta ni ile dakika ya kulipa tu, moyo unapotulia kwamba leo ndani kuna kitu. Kesho yake hofu imerudi pale pale.

Mshauri wa saikolojia niliyekwenda kumwona aliniuliza kitu cha kwanza nilichopoteza utotoni. Nilifungua mdomo niseme baba. Nikasema sketi, nikalia mpaka muda wangu ukaisha.

Madeni bado nayalipa, na programu za mikopo nimezifuta kwenye simu. Mkono bado huwasha mwisho wa mwezi, hilo halijaisha. Ila nikisikia mtaani kuna mjane anatolewa vyombo, naenda, na kabla ya kuuliza chochote kuhusu mali, nauliza watoto wako wapi.