Mwanamwinyi anaporudi likizo

Nimerudi. Kwa mliokuwa mnauliza: ndiyo, safari hii si ya likizo, nimerudi na mizigo yote. Nilidhani chapisho langu la kwanza nikiwa nyumbani lingehusu kazi na mipango. Badala yake nakesha nikisoma hadithi za vijana wa kimwinyi wanaosomea uchawi, na nina neno nazo.

Wa kulaumiwa ni mdogo wangu wa mwisho. Nilimwacha hajui kufunga kamba za viatu, nimemkuta ana sauti nzito na simu iliyojaa hadithi hizo. Siku za mwanzo tulioneana haya kama abiria wawili waliouziwa kiti kimoja. Hatukuwa na la kuongea, mpaka jioni moja aliponiuliza, "Kaka, ukipewa nguvu moja tu, utachagua moto au barafu?" Tangu hapo hatujanyamaza.

Asiyezijua hadithi hizi nitamweleza kwa ufupi, maana zote zina njia moja. Kijana wa nyumba kubwa, aghalabu mtoto wa tatu ambaye hakuna anayemtegemea kwa lolote, anapelekwa chuo cha uchawi. Siku ya kupimwa anaweka kiganja juu ya tufe la kioo. Tufe huwaka rangi kulingana na kipaji cha mtu. La kwake ama halitoi hata cheche, ama linapasuka. Likipasuka, ujue ndiye. Wanafunzi wanapangwa kwa madaraja, wana wa wakubwa juu, na yule msichana wa watu wa kawaida aliyeingia kwa ufadhili anasukumwa chini ingawa anawazidi wote. Kuna mpinzani mwenye nywele za rangi ya fedha, mwalimu mlevi aliyewahi kuwa shujaa wa vita, na ghorofa ya maktaba ambayo mwanafunzi haruhusiwi kukanyaga, kwa hiyo atakanyaga. Nazipenda, msinielewe vibaya. Ile sura ya tufe naweza kuisoma mara kumi.

Ila ipo sura moja naitafuta na siipati, nayo ni ya kurudi nyumbani. Likizo inafika, gari la farasi linaingia langoni, watumishi wamejipanga mstari, baba anauliza, "Umeshika nafasi ya ngapi?" Ukurasa unaofuata majambazi wanavamia, kijana anawateketeza, huyo anarudi chuoni. Kana kwamba nyumbani ni kituo cha kubadilishia farasi.

Mimi ningetaka mwandishi akae hapo langoni kidogo. Yule yaya aliyemwogesha na kumchapa makofi sasa anainamisha kichwa na hamwangalii usoni. Kijana afanye nini na hilo? Dada yake, ambaye tufe halikumwakia, ndiye anayeshika daftari za mashamba sasa. Anajua kila mpangaji anadaiwa nini na nani kafiwa, wakati kaka mtu anajua namna chungu nzima za kugandisha maji na hajui ghala linafungwa na ufunguo gani. Kisha wanakijiji wanakuja, kisima kimekauka, wanamwomba mvua. Amesomea barafu! Awaambieje, na wao ndio waliokatwa kodi ya kumlipia karo?

Hapo ndipo ninapocheka peke yangu usiku. Nilisomea takwimu. Tangu nifike nimeletewa simu zilizozimika, barua za kudai mafao, na goti la mjomba. Nikisema sijui, naona kabisa uso wa mtu ukisema, "Sasa huko ulienda kufanya nini?" Mama naye kahamisha vikombe, na kila asubuhi nafungua kabati lile lile la zamani nakuta dawa.

Nikaanza kujiuliza kwa nini hadithi za leo zinaruka sehemu hii, ilhali za zamani zilikuwa karibu zote zinahusu kutoka chuoni na kufika kwenu. Chuo cha uchawi si kitu cha jana. Chukua Sæmundur Sigfússon wa Iceland, mtu wa kweli kabisa, aliyezaliwa 1056 na kufariki 1133, wa ukoo wenye nguvu uliokaa Oddi. Akiwa kijana alikwenda ng'ambo kusoma, akarudi miaka ya 1070, akawa padri na msomi mkubwa. Aliandika hata historia ya wafalme wa Norwe, ingawa kitabu chenyewe kimepotea. Watu hawakuridhika na maelezo hayo. Mtu anayejua mambo mengi kiasi kile, wakasema, lazima alisomea Shule Nyeusi.

Shule hiyo, kwa masimulizi ya Iceland, ilikuwa chini ya ardhi na haikuwa na mwanga. Vitabu viliandikwa kwa herufi za moto zilizosomeka gizani. Mwalimu hakuonekana kamwe; mkono wa kijivu wenye manyoya ulipenya ukutani kila siku kuwapa wanafunzi chakula. Karo ilikuwa hii: wanaohitimu wakitoka, wa mwisho kupita mlangoni ni mali ya Shetani. Sæmundur akajitolea kuwa wa mwisho. Wengine wanasema alijitupia joho bila kulifunga, Shetani akadaka joho na mtu akapita. Wengine wanasema jua lilimpiga mlangoni akaonyesha kivuli chake ukutani: wa mwisho ni yule pale. Kivuli kikabaki, naye akaishi bila kivuli mpaka kufa.

Simulizi ya zamani zaidi, iliyo katika habari za maisha ya Askofu Jón Ögmundsson, ndiyo iliyonikalisha kitako. Humo Jón anamkuta Sæmundur kwa bwana mmoja mjuzi wa nyota, na kijana amezama kwenye elimu hiyo hata amesahau jina lake mwenyewe. Anaitwa jina jingine na anaitika. Jón ndiye anayemkumbusha kuwa yeye ni nani, kisha wanatoroka usiku. Yule bwana anawafuatilia kwa kutazama nyota ya Sæmundur angani, ndipo kijana anavua kiatu, anakijaza maji na kukiweka kichwani; bwana akitazama juu anaona mwanafunzi wake kazama majini. Usiku mwingine kiatu kinajazwa damu, bwana anaona kauawa. Mbinu ni nzuri, lakini mimi hubaki palepale kwenye jina.

Kuna na ile safari ya bahari, ambayo mdogo wangu anaipenda kuliko zote. Shetani anajigeuza sili, yule mnyama wa baharini, na kumbeba Sæmundur mgongoni hadi Iceland, kwa makubaliano kwamba akimfikisha bila kumlowesha nguo, anamchukua. Karibu na ufuko, Sæmundur anampiga sili kichwani kwa kitabu cha Zaburi, sili anazama, naye anaogelea kilichobaki. Alifika amelowa chapachapa, na kulowa ndiko kulikomwokoa. Sanamu yake akiwa juu ya sili, kazi ya Ásmundur Sveinsson, imesimama mbele ya Chuo Kikuu cha Iceland, Reykjavík. Nani aliamua kuwaonyesha wanafunzi jambo hilo kila siku wakienda darasani, ningependa kumpa mkono.

Hispania nako wana ya kwao. Katika pango la Salamanca, masimulizi yanasema, Shetani alifundisha wanafunzi saba kwa miaka saba, na mmoja alibaki kuwa malipo. Kura ikamwangukia Enrique de Villena, mwanamwinyi hasa, mwenye damu ya wafalme wa Aragon na Castile. Alitoroka, na kivuli chake, sawa na cha mwenzake wa Iceland, kikabaki nyuma. Villena wa kweli alifariki 1434, na baada ya kifo chake mfalme aliagiza maktaba yake ikaguliwe, vitabu kadhaa vikachomwa.

Sasa linganisha na Japani, ambako nyingi ya hadithi za simu ya mdogo wangu zimetoka. Kuanzia 1635 watawala wa ukoo wa Tokugawa waliweka sheria kwamba mamwinyi wakae kwa zamu Edo, yaani Tokyo ya leo, na wake na warithi wao wabaki huko muda wote, dhamana ya utiifu. Warithi wengi walizaliwa Edo, wakasomea Edo, na siku ya kuirithi milki ndipo walipoiona kwa mara ya kwanza. Nikisoma kuhusu chuo ambacho mfalme amewakusanya watoto wa wakubwa wote chini ya jicho lake, siwezi tena kuona ni shule tu. Baba akiasi, mwana yuko mkononi. Na huyo mwana akienda "nyumbani", anakwenda wapi hasa?

Nilimweleza mdogo wangu yote haya, maana na yeye anaandika yake. Shujaa wake ni mtoto wa tatu, kipaji barafu, tufe limepasuka. Nikamwomba aandike sura ya likizo bila majambazi.

"Kaka, wasomaji watalala. Mtu karudi kwao, basi."

"Mpe dada mwenye daftari."

"Pambano lazima liwepo."

"Basi apigane na huyo dada."

Akafikiri. "Dada hana kipaji. Atamshindaje?"

"Funguo za ghala anazo nani?"

Hakunijibu, alishaanza kuandika. Jana kanisomea mwanzo: kijana anagandisha kufuli la ghala ili livunjike, na dada anamwambia kufuli ni la babu yao, atalilipa.