Jiwe la Anti

Juzi jioni binti yangu, huyu wa maswali, aliliinua lile jiwe tunalozuilia mlango wa jikoni, akaligeuza, akaniuliza, "Baba, hii ni damu?"

Si damu. Ni rangi ya kucha, na imebaki kidogo tu. Nilimjibu hivyo nikaendelea kukata vitunguu.

"Rangi ya nani?"

"Ya Anti."

"Anti gani?"

"Wa Ghana."

Habari za Ghana anazijua: waakye, wali wa maharagwe, ya asubuhi kwenye jani, trotro, yaani matatu zao, na makonda wake, Anti na redio yake. Ya jiwe sijawahi kumsimulia. Hata mama yake anajua nusu.

Ilikuwa Desemba 2008, Madina, mtaa wa Accra, nje kidogo ya chuo kikuu cha Legon. Nilikuwa na miezi minne pale, nimepanga chumba cha uani kwa Anti. Enzi hizo ukisema umetoka Kenya, jibu lilikuwa moja kwa kila mtu, kuanzia dereva hadi muuza kenkey, ugali wao wa mahindi yaliyochachushwa: "Kofi!" Yaani Kofi wetu ndiye aliyewatoa motoni. Na kweli, Januari ile, Kenya ikiwaka kwa vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007, alitangulia Rais wao Kufuor, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akaja Nairobi akaondoka. Ndipo akaja Kofi Annan, Mghana aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akakaa nasi mpaka wakubwa walipotia saini mapatano tarehe 28 Februari. Watu zaidi ya 1,000 walikuwa wameshakufa. Basi nilikuwa nacheka nao. Mtu aliyekuzimia nyumba humnunii akikukumbusha ndoo zake.

Anti hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita Kenya.

Kufuor alikuwa amemaliza mihula yake miwili. Tarehe 7 Desemba wakapiga kura mbili kwa mpigo, ya rais na ya mbunge. Kwenye Bunge chama cha mwavuli, NDC, kikakipita cha tembo, NPP ya Kufuor. Kwenye urais Nana Akufo-Addo wa tembo akapata asilimia 49.13, naye Profesa Atta Mills wa mwavuli, aliyekuwa akijaribu kwa mara ya tatu, akapata 47.92. Hakuna aliyevuka nusu, ikabidi warudie tarehe 28. Mimi tarehe 27 ilikuwa inanitosha. Ilikuwa imetimia mwaka mmoja kamili tangu tupige kura zetu kwetu, na tangu wiki ile nilikuwa nalala na viatu karibu na mlango, kama mtoto anayeogopa kuchelewa shule.

Saa tisa usiku Anti akanigongea. "Kenya, amka. Kura huna, lakini miguu unayo." Akanipa jiwe.

Duru ya kwanza nilikuwa nimesikia tu habari za foleni ya mawe, sikuiona. Safari hii niliiona. Uwanja wa shule, giza, na katikati mstari mrefu wa vitu: mawe, nusu tofali, chupa ya maji iliyojazwa mchanga, ndala moja ya mguu wa kushoto. Kila kitu ni mtu aliyelala kwake. Anti, kwa kutoamini binadamu, alikuwa amepaka jiwe lake msalaba wa rangi nyekundu ya kucha ili asije mtu akadai ni lake. Nikaliweka nyuma ya tofali. Nikasimama kulitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu kule nilikotoka mstari wa mawe una maana nyingine, na ukiukuta barabarani usiku hukai kuutazama.

Asubuhi wenye mawe wakaja, kila mmoja akasimama penye lake. Ugomvi ulikuwa mmoja tu, wa ndala. Anti alikuwa wa kumi na moja. Mpaka leo sijui alimpigia nani. Nilimuuliza mara moja akaniuliza kama mimi ni sanduku. Akapiga kura, akapiga soga, akarudi nyumbani akapika. Mawe yakabaki pembeni, yamesukumwa kwa miguu chini ya ukuta wa darasa.

Jioni akanivuta tukashuhudie kuhesabu. Kituo kilifungwa saa kumi na moja, meza ikatolewa chini ya mwarobaini (kumbe na huko upo, na huko wanauchemsha), sanduku la plastiki linaloonyesha mpaka ndani likafunguliwa mbele ya kila mtu, karatasi zikamwagwa mezani. Mawakala wa tembo upande huu, wa mwavuli upande ule, na kamba nyembamba imefungwa kutuzuia sisi wengine. Ghana hawaweki tiki. Mpiga kura huchovya kidole gumba kwenye wino akakigandamiza kando ya picha ya mtu wake. Kwa hiyo msimamizi aliinua karatasi moja moja juu, akaigeuza kwa watu kama mwalimu anayeonyesha picha, na uwanja mzima ukahesabu kwa sauti. Watoto walihesabu kwa nguvu zaidi. Kila baada ya karatasi chache mtu aliyekosa kuona vizuri alidai irudiwe, nayo ikarudiwa. Giza likaanza. Zikawashwa tochi za simu na taa moja ya chemli, ikashikwa juu na kijana mrefu ambaye kila mkono ulipomchoka alizomewa.

Ikaja karatasi yenye madole mawili. Moja limekolea kwa Nana, jingine limefifia kwa Profesa. Msimamizi akaiinua, akanyamaza. Wakala mmoja akasema imeharibika. Mwingine akasema haijaharibika. Kisha sauti zikapanda zote pamoja, Kitwi, Kiga, Kihausa, sielewi hata neno, kamba ikalegea, watu wa nyuma wakasukuma wa mbele, na taa ikayumba.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka kwamba nilikuwa nyuma ya darasa, mgongo ukutani, na mkononi nina jiwe.

Hapo naomba nikae kidogo, maana ndipo ninapokwama kila mara. Si kwamba lilikuwa mkononi tangu mwanzo. Nililiokota. Kwenye lundo lile la mawe, gizani, mwili wangu uliinama ukachagua moja linaloenea kiganjani, ukaondoka nalo, na mimi mwenyewe sikuhusishwa. Mawe nilikuwa nayajua. Nakuru, ile wiki ya mwisho ya Januari, kabla hatujabeba godoro kwenda uwanja wa maonyesho, vijana wa mtaa tuliambiwa tukusanye mawe tuyarundike langoni, ya kujilinda. Nilikusanya. Nilikuwa na bidii. Yalipotumika usiku nilikuwa ndani, au hivyo ndivyo nilivyowaambia watu walioniuliza. Nayajua yanavyolia kwenye bati. Pale Madina nilisimama nikisubiri mlio huo.

Kilichosikika ni kicheko.

Nilichungulia. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya kufuma alikuwa amefika kwenye kamba, anapiga kelele neno moja huku anakunja viganja vyake kama mtu anayefunga kitabu. Ikunje! Msimamizi akaikunja karatasi katika mkunjo wake wa mwanzo, akaimulika kwa taa. Lile dole lililofifia lilikuwa wino wa lile lililokolea. Mpiga kura alikunja karatasi wino ukiwa bado mbichi. Akaifungua, akaikunja tena, kwa mawakala, kisha kwetu. Wakala wa mwavuli akasonya, akatikisa kichwa kukubali. Ikawekwa kwa Nana, na uwanja ukaendelea na hesabu kutoka pale pale ulipoachia, watoto mbele.

Anti ndiye aliyenikuta. Alikuja na ile tochi yake, akanimulika usoni, akashusha mwanga hadi mkononi, kwenye msalaba mwekundu. Katika mawe yote.

"Kenya. Jiwe langu unalipeleka wapi?"

"Nilikuwa nakurudishia nyumbani."

Alinitazama. Sijui aliona nini, na hakusema. Alizima tochi, tukasimama gizani tukisikiliza wenzetu wakihesabu. Baadaye njiani akasema tu kwamba nile vizuri usiku ule, nimekonda.

Mengine mnayajua au mtayasoma kwingine. Tarehe 30 Desemba mwenyekiti wa tume, Afari-Gyan, akasema hawezi kumtangaza mshindi maana tofauti ni ndogo na eneo bunge moja kati ya 230, Tain, halijapiga kura. Tulikuwa tumekaa uani, Anti na redio yake na jirani wawili, na mimi nilikuwa nahesabu: tarehe kama hiyo mwaka uliopita kwetu matokeo yalitangazwa jioni na kiapo kikaliwa kabla giza halijaingia sawasawa. Msidhani kule walikuwa malaika. Redio zilichemka, kesi zikakimbizwa mahakamani, chama cha tembo kikasusia Tain, na Anti alinunua mchele wa wiki mbili bila kunieleza kwa nini. Tain ikapiga kura Ijumaa, tarehe 2 Januari. Na Kofi ndilo jina la mvulana aliyezaliwa Ijumaa, utani ambao nilisimuliwa siku ile na watu wanne tofauti. Kesho yake Mills akatangazwa, asilimia 50.23 kwa 49.77, tofauti ya kura elfu arobaini na kitu kati ya zaidi ya milioni 9. Tarehe 7 Kufuor akakabidhi nchi kwa chama kingine, nami nikarudi kwenye tasnifu yangu.

Jiwe Anti alinipa mwenyewe nilipokuwa nafunga mizigo ya kurudi. Alilifunga kwenye gazeti, akaliweka juu ya nguo. Uwanja wa ndege wakanifungulia sanduku, wakaniuliza ni la nini, nikasema ni la mlango. Ndiyo kazi linayofanya tangu hapo.

Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho, sehemu nilizomwambia. Ya Nakuru nilipita haraka, nikasema tu kulikuwa na vurugu.

"Lakini Baba, ulitaka kumpiga nani?"

Vitunguu vilikuwa vimeanza kuungua. Nilimwambia alirudishe jiwe mlangoni, upepo unaleta vumbi. Alilirudisha, msalaba ukiwa juu. Mimi huwa naulaza chini.