Nilivyopata nafasi kwenye diski bila kupoteza hata picha moja

Laptopu yetu ya nyumbani ni ya mtumba, SSD yake, yaani diski yake isiyo na sehemu inayozunguka, ni ya GB 128. Ukiifungua, Windows inakuonyesha 119. Aliyetuuzia hakutuibia: kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na tofauti inaishia hapo. Lakini kwa nyumba ambayo mmoja anasoma, mwingine anahariri video na wote wanapakua, 119 ni ndogo. Mstari wa diski C ukawa mwekundu, masasisho yakagoma kuingia, na hata Word ikawa inafunguka kwa kusuasua.

Fundi wa mtaani alikuwa na dawa moja tu: "Dada, hii tupige Windows upya, itakuwa kama mpya." Nafasi ingepatikana kweli, maana mafundi wengi wakipiga Windows hufuta kila kilichomo kwenye C. Nikamshukuru, nikarudi na laptopu yangu. Humo mna video ya harusi ya mdogo wangu, vyeti vilivyoskaniwa na picha za marehemu mama.

Nikaamua kwamba kila kitu, kabla sijakigusa, nikiulizie jambo moja: nikikifuta, kitarudi? Vipo ambavyo kompyuta huvitengeneza tena ikivihitaji. Vipo utakavyovipakua upya, gharama ni bando lako. Na vipo visivyorudi kabisa, na kwenye SSD hilo si la kufanyia mzaha. Faili likishatoka kwenye pipa la taka, Windows huiarifu diski kwamba sehemu ile haihitajiki tena, nayo diski huisafisha kwa wakati wake. Programu za kufufua mafaili, zinazosaidia kwenye zile diski za zamani za kuzunguka, hapa mara nyingi hutoka mikono mitupu.

Kwa hiyo kwanza nilitazama tu. Settings, kisha System, kisha Storage, ilinipa picha ya jumla, lakini haikunitosha. Nikaweka WizTree, programu inayoonyesha ni nini kinachokula diski, ambayo ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Badala ya kupekua folda moja baada ya nyingine, husoma moja kwa moja orodha kuu ya mafaili ambayo diski yenyewe inaitunza, ndiyo maana inamaliza kwa sekunde chache. Nyumbani sote tulikuwa tunazilaumu picha. Kumbe picha zote za familia ni GB 9. Wenye kula walikuwa wengine: folda iitwayo Windows.old, GB 21. Nakala ya iPhone ya kijana wetu, simu ambayo ilishauzwa, GB 17. Downloads, GB 14. Na video ya harusi, faili moja la GB 6 na ushee.

Windows.old ilikuwa rahisi. Tulikuwa tumetoka tu Windows 10 kwenda 11, kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia ile ya 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Folda hiyo ni ile Windows ya zamani, imewekwa pembeni ili ukijuta uweze kurudi nyuma. Baada ya siku 10 mfumo huiondoa wenyewe. Sikuwa na subira hiyo, ila nilijaribu kwanza printa, sauti, kamera na Wi-Fi. Vilipokubali vyote, niliingia Storage, Temporary files, nikaweka tiki kwenye Previous Windows installation(s), nikaondoa. Angalia vizuri hapo: kwenye orodha hiyohiyo ipo na Downloads. Hakikisha haina tiki.

Kazi ilikuwa kwenye nakala ya simu na video ya harusi. Kijana aliapa kwamba picha zake zote ziko mtandaoni, lakini kiapo cha mtoto wa kidato cha tatu sikukitegemea. Nikanunua hadi diski ya nje ya TB 1. Dukani nilionyeshwa pia flashi ya TB 2 kwa bei ya kutupa. Nyingi za aina hiyo ni bandia, zinadanganya ukubwa wake, na unachokiweka baada ya kujaa huharibika bila onyo. Ukiishika mkononi huwezi kujua. Programu ndogo ya H2testw huijaza yote kisha ikasoma ilichoandika, na hapo uongo hujitokeza.

Nilinakili, sikuhamisha. Baadaye nikafungua Properties pande zote mbili nikalinganisha idadi ya mafaili na ukubwa, ule mstari wa Size, si Size on disk, kwa kuwa huo wa pili hubadilika kutoka diski hadi diski. Nikachomoa, nikachomeka tena, nikaicheza video mwanzo, katikati na mwisho. Hata hapo sikufuta. Ukifuta kwenye kompyuta, kile kilicho kwenye diski ya nje si nakala tena, ndicho chenyewe, na diski ya nje huanguka. Video nikataka iwe pia kwenye flashi ya GB 32 ya kukaa kwa dada yangu. Ikakataa, ikisema faili ni kubwa mno: flashi ilikuwa imeandaliwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kutunza mafaili, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Kuformati hufuta kila kitu, lakini ilikuwa tupu, basi nikaiformati kuwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, ikapokea. Nakala ya simu niliifuta kupitia iTunes yenyewe, si kwa kuvamia folda.

Downloads nilikaa na baba watoto tukapanga kwa ukubwa. Zilikuwa programu zilizokwishasakinishwa na video za makundi ya WhatsApp, nyingine zimerudiwa hadi unacheka.

Vitu vingine niliviacha makusudi. Kuna faili la hiberfil.sys, zaidi ya GB 3 kwetu, ambalo wengi watakushauri uliondoe. Ndilo linalotunza kazi yako laptopu inapojilaza betri ikikaribia kuisha, na kwa umeme wetu huu, GB 3 ni bei nafuu. Folda ya WinSxS, ambamo Windows hutunza vipande vyake yenyewe, nayo usiiguse kwa mkono; hata ukubwa unaouona umezidishwa, kwani faili moja huhesabiwa zaidi ya mara moja. Na kama unatumia OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, jihadhari: ukifuta kwenye folda yake, umefuta mtandaoni na kwenye vifaa vyako vingine pia. Tumia Free up space, inayoliacha faili mtandaoni na kuondoa lile lililo kwenye diski.

Nafasi iliyokuwa chini ya GB 5 imefika karibu 60. Nimewasha Storage Sense, kisafishaji cha Windows chenyewe, ifute vilivyokaa kwenye pipa la taka zaidi ya siku 30, na upande wa Downloads nimeweka Never, kwa sababu risiti za ada zote bado zinakaa humo.